Daktari Aliyefuata Vyuma Vyake

Wagonjwa walimwita Daktari wa Vyuma, naye hakulipenda jina hilo. Alisema linamfanya aonekane mchomelea mageti. Akimsikia mtu analitamka kwenye korido alimgeukia papo hapo: "Daktari wa mifupa. Chuma si changu, chuma ni cha kuazima." Lakini ukanda wote huu wa pwani, kuanzia Somanga hadi Lindi mjini, ukiulizia daktari wa mifupa watu walikutazama tu. Ukiulizia Daktari wa Vyuma, hata mkaanga chipsi wa Nangurukuru aliweza kukuelekeza nyumbani kwake.

Mimi nilikuwa sista wa thieta. Kwa miaka mingi yeye alikata na mimi nikampa vifaa, na katika kazi ile mtu humjui kwa uso, maana uso umefunikwa. Unamjua kwa mikono, kwa pumzi, na kwa namna anavyoomba mkasi. Yeye aliomba mkasi kama mtu aliyeibiwa. "Mkasi! Sista, mkasi uko wapi?" Na mkasi ulikuwa tayari kwenye kiganja chake. Mara ya kwanza nilikwenda kulia chooni. Mara ya pili nilimjibu, "Uko mkononi mwako, Daktari." Akautazama, akasema, "Kumbe," akaendelea kukata. Tangu siku hiyo tukaelewana.

Hakupenda kushukuriwa. Mzee mmoja wa Njia Nne alimletea jogoo baada ya mguu wake kupona, Daktari akamfokea: "Rudi naye. Mfupa umeunga wenyewe, mimi nilikuwa mlinzi tu." Mzee akaondoka na jogoo wake, amefedheheka. Kesho yake asubuhi, tukiwa tunanawa mikono, Daktari akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi yule jogoo alikuwa mnono?"

Na aliogopa sindano. Mtu aliyetoboa mifupa ya watu kwa mashine kutwa nzima, siku malaria ilipompanda tulimshika wawili, mimi na mtu wa maabara, huku amefumba macho anatuuliza kama tumeshamaliza. Tulicheka wiki nzima. Hakukasirika. Alisema, "Ninajua kinachoendelea huko ndani, ndiyo maana naogopa. Ninyi hamjui."

Huko ndani ndiko mawazo yake yalikoshinda. Wenzake walizungumza mpira, yeye alizungumza maji ya mwilini. Wanafunzi wa uuguzi walipokuja kwa mafunzo aliwashikisha uzi wa kushonea, ule ambao mwili huuyeyusha wenyewe kidonda kikishafunga. "Huu tunauweka ili uliwe," alisema. Kisha akawashikisha kipande cha chuma na skrubu zake. "Hiki tunakiweka ili kisiliwe. Lakini mwili haujui tulichokusudia. Mwili ni maji ya chumvi yenye joto, na maji ya chumvi yenye joto yana kazi moja tu. Yanakula."

Chuma kizuri, aliwaeleza, hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana, na ngozi hiyo ndiyo inayokilinda. Chuma kibaya ngozi yake hutoboka. Hutoboka chini ya kichwa cha skrubu, mahali pasipoonekana, na chumvi ikishapata tundu haitoki. Wanafunzi waliandika. Sidhani kama walimsadiki, maana kipande walichokishika kilikuwa kinang'aa.

Hata yeye, kabla ya mambo niliyokusudia kuyasimulia, hakuwa na hofu kubwa. Zamani kidogo, mtu akivunjika paja kwetu alilazwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa mawe yaliyoning'inizwa kwenye kamba mwisho wa kitanda. Alitoka na vidonda vya mgongo, na mara nyingi mguu mmoja mfupi. Daktari alipoanza kufunga vyuma, watu walisimama baada ya siku chache. Wake walilia, watoto walipiga makofi. Na wagonjwa walipomuuliza kile chuma kitatolewa lini, aliwapiga begani na kuwaambia, "Hakitoki. Utazikwa nacho." Lilikuwa neno lake la kuwafurahisha, na walicheka kweli.

Ajali iliyoleta haya yote ilitokea barabara kuu, wakati wa masika. Basi lilikutana na lori kwenye kona. Walituletea majeruhi kwenye magari ya mkaa, kwenye bajaji, mmoja juu ya mlango uliong'olewa. Tulifanya kazi siku hiyo na siku iliyofuata, tukibadilishana kulala kwenye sakafu ya stoo. Siku ya pili vyuma vikaisha. Wodini walibaki watu waliovunjika miguu vibaya, mifupa imechomoza, na barabara ya kuwapeleka mbali ilikuwa imekatwa na maji.

Kwenye stoo kulikuwa na boksi. Liliingia pamoja na vitanda na magongo ya msaada, na hakuna aliyejua limetoka kwa nani. Ndani yake mlikuwa na vyuma saba na skrubu za kutosha. Vyuma vyetu vya kawaida vilipigwa chapa ya kiwandani, namba ndogo zilizochongwa pembeni. Vile saba havikuwa na chapa yoyote. Nilimwonyesha. Alikigeuza kimoja mkononi, akakipima uzito, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Wodini mtu alikuwa analia kwa sauti iliyokauka.

"Chuma ni chuma," alisema. "Chemsha."

Tulivichemsha, tukavitumia vyote saba. Wote saba walitembea. Ule mwaka tulisifiwa sana.

Miaka ikapita. Wa kwanza kurudi alikuwa mchuuzi wa pweza wa hapa Kilwa Masoko, mtu wa maneno mengi aliyezoea kutembeza ndoo yake nyumba kwa nyumba. Aliingia kliniki akiwa kimya, paja limevimba, ngozi imekuwa na rangi ya zambarau iliyoiva kupita kiasi. Alikuwa ameshalikanda kwa maji moto na kulifunga majani. Tulimpeleka thieta. Daktari alipokata, yalitoka maji meusi. Si damu, wala si usaha. Mimi ni mtoto wa pwani, nimesafisha ngisi tangu nikiwa mdogo, na nilichokiona kilikuwa wino wa ngisi hasa. Nyama iliyozunguka chuma ilikuwa imelowa weusi ule. Skrubu mbili zilikuwa zimeliwa hadi zikawa kama meno ya mtoto. Chuma chenyewe kilikuwa na vishimo, na hakikuwa na chapa.

Daktari hakuomba mkasi kwa kelele siku hiyo. Alisafisha polepole, akatoa kila kitu, akafunga. Tulipotoka alikaa kwenye benchi la kubadilishia viatu, kiatu kimoja mkononi.

"Sista," akasema, "zile skrubu zilizobaki kwenye boksi bado zipo?"

Zilikuwepo. Alichukua moja akaitia kwenye glasi ya maji ya dripu, yenye chumvi kama ya mwilini, akaiweka dirishani ofisini kwake. Pembeni akaweka glasi nyingine na skrubu yenye chapa. Ya tatu ilikuwa na kitu kingine kabisa. Alikuwa ametoka kwenye semina Dar es Salaam, alikopewa mfano wa skrubu za kisasa zilizotengenezwa makusudi ziyeyuke mwilini mfupa ukishaunga, mgonjwa asipasuliwe mara ya pili. Ile ilianza kutoa povu palepale, vitone vidogo vikipanda juu kama soda. Kila asubuhi nilimkuta ameinama mbele ya zile glasi tatu. Ya kisasa iliendelea kupungua kwa utaratibu. Yenye chapa haikubadilika. Ile ya boksi ilikaa siku kadhaa kama haina neno, kisha likatokea doa la kahawia chini ya kichwa chake, na maji yakaanza kugeuka rangi ya chai.

"Hii ya povu ni mwaminifu," aliniambia. "Imesema itaondoka, inaondoka. Hii nyingine ilisema itabaki." Akaigeuza ile glasi kwenye mwanga. "Hapana. Haikusema kitu. Mimi ndiye niliyesema."

Alikwenda kwa mkubwa wetu wa hospitali kuomba wenye vyuma vile watangaziwe warudi. Nilikuwa nimepeleka ratiba ya zamu, nikayasikia mazungumzo.

"Tukitangaza hivyo," mkubwa alisema, "hata wenye vyuma vizuri watakuja wanalia. Na wengine watakataa kupasuliwa kabisa. Wenye maumivu watakuja wenyewe."

"Hawaji," Daktari alisema. "Wanakwenda kukandwa. Huyu wa pweza amekandwa mwaka mzima."

"Unataka nifanye nini? Unawajua ni akina nani?"

Hilo ndilo swali. Daftari la thieta liliandika jina, kijiji, na neno "chuma", basi. Halikusema chuma kimetoka kwenye boksi gani, na siku zile mbili za ajali liliandikwa ovyo, nusu ya majina hayasomeki. Picha ya eksirei inaonyesha chuma lakini haionyeshi chapa. Ilibaki kumbukumbu yake na kumbukumbu yangu: nani aliingia siku ya kwanza, nani siku ya pili, nani alikuwa kitanda cha mlangoni.

Akaanza kuwafuata. Kila Jumamosi aliwasha gari lake, pikapu iliyojaa maganda ya machungwa na kandambili zisizo na wenzake, uchafu ambao wodini angemfukuzia mtu kazi, akaenda. Aliwakuta mashambani, sokoni, misibani. Wawili walikuja wenyewe baada ya imamu na katekista kukubali kusema neno baada ya ibada. Kijana mmoja, Daktari alimfuata hadi Mtwara. Kila aliyempasua, chuma kilitoka hakina chapa. Hakukosea hata mmoja, na alianza kuiamini kumbukumbu yake kuliko alivyoamini vitabu. Mchuuzi wa pweza akarudi na ndoo yake, anachechemea kidogo, maneno yamerudi yote.

Mmoja hakutoka salama. Alikuwa fundi cherehani wa Kiranjeranje, mwanamke mwenye kicheko kikubwa aliyeshona sare za shule za vijiji vyote vya jirani. Kwake weusi ule ulikuwa umeingia hadi kwenye mfupa, na uchafu mwingine ukaufuata. Daktari alipambana na ule mguu kwa wiki nyingi. Mwishowe alimketisha yule dada akamweleza, na akaukata yeye mwenyewe juu ya goti. Nilimwomba amwachie mwingine. Akakataa. "Niliweka mimi," alisema. Mikono yake haikutetemeka. Baada ya hapo alinawa kwa muda mrefu sana hata mhudumu akaja kuniuliza kama bomba limeharibika.

Yule fundi alirudi kwenye kazi kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Daktari akaanza kumpelekea suruali zake apunguze. Hazikuwa na shida, zilikuwa suruali mpya zilizomkaa vizuri. Alizipeleka moja baada ya nyingine, na zilipomalizika akazirudisha zilezile. Tulianza kuona soksi zake, baadaye tukaona na vifundo vya miguu. Madereva wa bodaboda walimcheka: "Dokta, mafuriko yako wapi?" Siku moja nilikuwa naye tulipopita pale, yule fundi akaishika suruali, akaipima kwa macho, akamtazama.

"Dokta, nikikata hii tena utavaa kaptura."

"Kata kidogo tu."

"Ungekuwa unakuja kunisalimia tu, ningekupokea," fundi akasema. Hakusema kwa ukali. Daktari alikwenda kusimama nje karibu na gari, amenipa mgongo.

Wa saba alikuwa bibi wa Likawage.

Huyu tulimkumbuka wote wawili. Ndiye aliyeletwa juu ya ule mlango uliong'olewa, ameshika kikapu cha ufuta kifuani, hataki mtu akiguse. Mimi niliapa kwamba alipasuliwa siku ya pili, naye aliapa hivyo hivyo. Likawage ni mbali na lami, na mvua zikinyesha njia inakuwa tope tupu. Mara ya kwanza tulipofika alikuwa anapepeta ufuta uani, mguu mmoja ameunyoosha mbele.

"Shikamoo, mama," Daktari alisema.

"Marahaba, Dokta. Karibuni. Sista, karibu, mwanangu." Akaagiza viti, akaagiza chai. Daktari alimweleza yote, hakuficha. Boksi, chapa, glasi, maji ya rangi ya chai. Bibi alisikiliza, mikono imetulia juu ya ungo.

"Unasema chumvi ndiyo inakula chuma," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni mtu wa bara. Baharini nimekwenda mara moja. Hiyo chumvi imeniingiaje?"

"Kila mtu anayo. Lamba chozi lako utaionja."

"Nimeshayalamba mengi mwaka ule," bibi akasema. Kisha akamuuliza kama mtu anavyouliza habari za njia: "Na ukikosea tena?"

Daktari aliutazama ule mguu ulionyooshwa.

"Mguu huu unauma wakati wa mvua," bibi aliendelea. "Wakati wa kiangazi hauumi. Ninalima nao. Uliniambia nitazikwa nacho, nikakubali. Nilikwisha kukizoea. Sasa unataka kunifungua tena, nami nimesikia habari za yule dada wa Kiranjeranje. Chai inapoa, Dokta."

Alikataa. Daktari alirudi msimu uliofuata, bibi akakataa tena. Daktari alirudi kila mwaka ufuta ulipovunwa, na kila mwaka alipewa chai na kukataliwa kwa adabu. Aliuchunguza mguu kwa vidole vyake, akatafuta uvimbe, akatafuta joto. Hakuupata uvimbe. Hilo halikumtuliza. Alisema wa pweza naye alikuwa hivyo kabla hajavimba.

Kwa wakati huo alikuwa ameanza kubadilika. Alikula kidogo. Aliacha kuwafundisha wanafunzi habari za uzi na chuma. Mgonjwa akimuuliza kama chuma kitatolewa, alisema tu, "Tutaona," na wagonjwa walitoka na wasiwasi zaidi ya walioingia nao. Vidole vyake vikaanza kutetemeka, kidogo mwanzoni, kwenye kikombe tu. Siku alipoona kimetetemeka kisu alikiweka mezani, akamwita daktari kijana amalizie, na hakuingia tena thieta. Alistaafu bila sherehe. Tulimnunulia kanzu nzuri na saa ya ukutani, akatuuliza kama zilikuwa za lazima.

Baada ya hapo nilimwona mara chache, mpaka mwaka ule mvua zilipochelewa.

Nilikuwa zamu. Nikaitwa mapokezi, nikamkuta bibi wa Likawage amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa kanga mpya, na nyuma yake amesimama Daktari, ameshika mfuko wake wa nguo kama ndugu. Nilimwamkia bibi. Nikamuuliza kama mguu umemzidia.

"Haujanizidia," akasema. Akasubiri Daktari aende dirishani kuandikisha, ndipo akaniinamia. "Mwaka huu amekuja kwa bodaboda, gari lake limekufa. Amefika kalowa jasho, hawezi kushika kikombe. Nikamwona atafia njiani kwa ajili ya mguu wangu. Nikamwambia, haya, twende ukakitoe upumzike. Si kwa ajili ya mguu, mwanangu. Ni kwa ajili yake."

Alipasuliwa kesho yake asubuhi. Daktari kijana ndiye aliyekata, mimi nikampa vifaa. Bibi alichomwa ganzi ya mgongo, akawa macho, anasoma dua zake kimyakimya nyuma ya kitambaa. Nilingoja weusi. Nilikuwa nimeandaa pamba nyingi na chombo kikubwa cha kunyonyea. Nyama ilifunguka nyekundu, safi, kama ya mtu ambaye hajawahi kuguswa. Daktari kijana alifuta, akafuta tena. Chuma kilikuwa kinang'aa, na pembeni, karibu na skrubu ya mwisho, zilikuwepo namba ndogo zilizochongwa, zinasomeka.

Tulitazamana juu ya barakoa.

Nilikitoa mwenyewe nje, kwenye kitrei, kimefunikwa shashi. Daktari alikuwa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, kati ya mama aliyenyonyesha na mzee aliyesinzia. Alisimama aliponiona. Nikafunua shashi. Alikishika, akakigeuza, akakisogeza karibu na macho, akapapasa zile namba kwa kidole gumba mara nyingi. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno: ashukuriwe Mungu, bibi mzima.

"Basi si yeye," akasema.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, nikakaa. Vyuma vilikuwa saba. Tulivitoa sita. Kama bibi hakuwa nacho, yupo mwingine huko nje, ambaye wakati wote Daktari alipokuwa akipanda na kushuka Likawage hakuna aliyemtafuta.

Bibi alipopelekwa wodini alimwita Daktari. Daktari alisogea, akavuta kiti. Angeweza kumwambia chochote. Ningemsamehe uongo wowote saa ile.

"Kilikuwa kibaya?" bibi akauliza.

"Kilikuwa kizima, mama. Nimekufungua bure."

Bibi alitazama dari. Mkono wake ulitoka kwenye shuka ukapapasa mpaka ukapata wa Daktari, ukaushika usitetemeke.

"Lakini umepumzika?"

"Hapana," Daktari akasema.

Jioni tulikaa kwenye benchi lile, ndugu wa wagonjwa wameshaondoka. Alinitaka nikumbuke. "Fikiri, Sista. Siku ya pili. Kitanda cha mlangoni alikuwa nani? Yule aliyekuja na bajaji, aliyekuwa anamwita kaka yake, alikuwa wa wapi?" Nilifikiri. Nilimtajia nyuso, naye akanitajia mifupa: paja la kulia, lilivunjika mara mbili, mtu mrefu. Au mfupi. Kila tulipokaribia kumpata alitugeukia akawa mtu mwingine. Mwishowe alinyanyuka, akaniambia nimwangalie bibi asilale na kiu, akaenda kutafuta usafiri. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipokaa naye. Bibi alipona vizuri, anapepeta ufuta wake. Daktari tulimzika kabla mvua nyingine hazijaanza, na kwenye maziko walikuja watu wengi wenye kuchechemea, na sikuweza kulia kwa sababu nilikuwa nawatazama miguu.

Bado natazama. Wiki iliyopita nilishuka Nangurukuru kubadili gari, wauza korosho wamelizingira basi, na kati yao akapita mwanamume mrefu wa makamo, amebeba gunia, anatupa mguu wa kulia kwa nje. Nilimwacha apite. Halafu nikamfuata, nimeshika mkoba wangu kifuani, nikampata penye kibanda cha vocha.

"Kaka, samahani. Huo mguu ulivunjika?"

Alishusha gunia, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Ulivunjika," akasema. "Zamani. Kwa nini?"